Viza Baina ya Ndugu na Ndugu: Nani Aliwafanya Watu wa Nzwani Kuwa Wageni Maore?

Mtu wa Paris akitaka kwenda kutembea Maore hupanda ndege akaruka kilomita zipatazo 8,000, akavuka nchi za watu na bahari za watu, akashuka katika kisiwa cha Waafrika hali ana kitambulisho tu cha nyumbani kwao mfukoni. Haulizwi viza. Haulizwi atalala kwa nani, wala ana fedha kiasi gani, wala atarudi siku gani. Mtu wa Nzwani yuko kilomita 70 tu kutoka Maore. Dada yake ameolewa huko, mjomba wake amezikwa huko, na akizungumza sokoni Mamoudzou hahitaji mkalimani. Lakini huyu ndiye mgeni. Huyu ndiye anayetakiwa viza.

Wasomaji wetu wengi wakisikia neno viza hufikiria safari za Ulaya na Amerika, foleni za balozini, na ada inayoliwa hata jibu likiwa hapana. Malalamiko hayo twayajua, nayo ni ya haki. Mwaka 2024 nchi za Ulaya za mkataba wa Schengen zilipokea maombi milioni 11.7 ya viza za muda mfupi, zikakataa kiasi cha milioni 1.7, na aliyekataliwa hakurudishiwa ada yake. Na katika mataifa yaliyokataliwa kupita wengine limo taifa dogo la Komoro, ambalo zaidi ya nusu ya maombi ya watu wake yalirudi mikono mitupu. Lakini wiki hii hatusemi habari za kwenda Ulaya. Twasema habari za viza iliyowekwa huku kwetu, katika Bahari ya Hindi, baina ya kisiwa na kisiwa, na Serikali ambayo makao yake yako Paris. Na twaisema kwa sababu viza hiyo haikatazi safari tu. Inaua.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Visiwa vya Komoro ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Ramani za Kifaransa huviita Grande Comore, Anjouan, Mohéli na Mayotte, lakini wenyewe hawakuzaliwa na majina hayo. Wafaransa waliichukua Maore mwaka 1841, vingine vikafuata, na tangu mwaka 1912 vyote vinne vilikuwa koloni moja. Yaani hata mkoloni mwenyewe, alipokuwa akikusanya kodi, alivihesabu kuwa nchi moja. Tarehe 22 Desemba 1974 watu wa visiwa vyote walipiga kura juu ya uhuru. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 walisema ndiyo. Katika Maore peke yake karibu thuluthi mbili walisema hapana. Hapo ndipo Ufaransa, iliyoandaa kura moja, ikaanza kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah akatangaza uhuru, na tarehe 12 Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kuwa nchi ya visiwa vinne. Ufaransa ikabaki Maore, na shauri lilipofikishwa mbele ya Baraza la Usalama mwezi Februari 1976 ikalizima kwa kura yake ya turufu.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa habari hii. Chama cha MOLINACO, kilichopigania uhuru wa Komoro, kilikuwa na makao yake Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na Wangazija wa Unguja na wa pwani yetu ni watu tuliosoma nao chuoni, tukaoleana nao, na kuswali nao safu moja. Lakini liko jambo ambalo hata wazee hulisahau. Kwa miaka 20 baada ya uhuru, bendera ya Ufaransa ilipokuwa ikipepea upande mmoja wa bahari na bendera ya Komoro upande wa pili, watu waliendelea kwenda na kurudi bila viza. Siasa zilikuwa zimegawanyika, watu hawakugawanyika. Mtu alikwenda Maore kwa arusi ya siku tatu, akala, akacheza, akarudi kwao. Mwingine alipeleka ndizi na kuku, akauza, akanunua alichotaka, akarudi. Mgonjwa alipelekwa kutibiwa, akipona akarudi.

KARATASI YA BWANA BALLADUR

Tarehe 18 Januari 1995 yote hayo yakakoma kwa amri. Waziri Mkuu wa Ufaransa wakati huo alikuwa Bwana Édouard Balladur, na Waziri wake wa Mambo ya Ndani Bwana Charles Pasqua. Tangu siku ile ikawa kila mtu wa visiwa vitatu atakaye kukanyaga kisiwa cha nne, hata kwa matembezi ya siku moja, sharti awe na viza. Uchaguzi wa Rais wa Ufaransa ulikuwa miezi mitatu mbele, na Bwana Balladur alikuwa mgombea. Hatuwezi kusoma moyo wa mtu, ila kalenda twaweza kuisoma. Uchaguzi ulipofika mwezi Aprili akatoka wa tatu, akaenda zake. Karatasi yake imebaki, na hadi leo watu wa Komoro huiita kwa jina lake: viza ya Balladur. Si kila mwanasiasa hubahatika kukumbukwa hivyo.

Mwaka huohuo wa 1995 ulikuwa na kichekesho chake, kama mtu ana moyo wa kucheka. Mwezi Septemba Mfaransa Bob Denard, askari wa kukodiwa aliyekwisha kupindua serikali za Komoro mara zaidi ya moja, alitua Ngazija usiku kwa mashua za mpira akiwa na watu wake wapatao 30, akamkamata Rais Djohar. Yeye hakuulizwa tikiti ya kurudi. Ni kweli kwamba siku chache baadaye jeshi la Ufaransa lilikuja kumwondoa, nalo pia lilikuja bila viza. Hata leo mtalii wa Kifaransa akishuka uwanja wa Hahaya hupigiwa muhuri wa viza palepale, akachukua mizigo yake na kwenda pwani kuoga. Mlango wa Komoro kwa Mfaransa uko wazi. Mlango wa Maore kwa Mkomoro umefungwa.

Na masharti ya mlango huo ni yapi? Paspoti, ambayo maskini wa kijijini hana. Tikiti ya kwenda na ya kurudi. Barua ya mwenyeji, iliyopitishwa na meya wa mji anakokwenda. Ushahidi wa fedha za kutosha siku atakazokaa. Na zaidi ya yote, amridhishe ofisa kwamba hakika atarudi. Ubalozi wenyewe uko Moroni, katika kisiwa kingine. Tazameni, ndugu zetu, namna masharti haya yalivyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine kabisa: mtu mwenye mshahara wa mwezi, mwenye akaunti ya benki, mwenye barua ya mwajiri. Mvuvi wa Domoni atatoa wapi barua ya mwajiri? Mwajiri wake ni bahari. Mkulima wa karafuu wa Nzwani ataonyesha karatasi gani ya benki? Na mama aliyeletewa habari asubuhi kwamba mwanawe amefariki Mamoudzou, na kwa desturi ya Kiislamu maiti hazikwi kesho kutwa, huyu aandike barua ya maombi kwa nani, na angojee jibu siku ngapi?

Kuna jambo jingine la ajabu. Mkomoro akifanikiwa kupata viza ya Schengen, ile ambayo humwingiza Ufaransa, Ujerumani na nchi nyingine nyingi kwa pamoja, viza hiyo haimwingizi Maore. Maore haimo katika Schengen. Yatakiwa viza iliyoandikwa Maore. Tena mgeni aliyepewa kibali cha kuishi Maore amekuwa hawezi kukitumia kwenda kuishi Paris, na sheria iliyopitishwa huko Ufaransa mwezi Agosti 2025 ndiyo iliyoahidi kuondoa kizuizi hiki kuanzia mwaka 2030. Basi Maore ni Ufaransa pale bendera inapopandishwa, wala si Ufaransa pale mtu mweusi anapotaka kutembea.

BAHARI ILIYOGEUKA MAKABURI

Mtu akizuiwa kupita mlangoni, na jamaa zake wako ndani, atapita dirishani. Tangu mwaka 1995 watu huvuka usiku kwa mashua ndogo za uvuvi za fiberi zenye mashine, ambazo wenyeji huziita kwasa-kwasa. Jina hilo ni la ile ngoma ya Kikongo iliyovuma katika miaka ya 1980, kwani mashua hizo hutikisika juu ya mawimbi kama mchezaji anavyotikisa kiuno. Chombo kilichofanywa kwa wavuvi wachache hupakia watu wengi kuliko kiwezavyo, pamoja na wajawazito, watoto na wagonjwa. Hakizimi njiani kuuliza hali ya bahari, wala hakiwashi taa, kwa kuwa taa huonwa na doria ya Wafaransa. Na Maore imezungukwa na mwamba wa matumbawe. Nahodha asiyeujua mlango wa mwamba usiku wa giza huwapeleka watu wake mautini.

Wamekufa wangapi? Taarifa ya Baraza la Seneti la Ufaransa lenyewe, ya mwaka 2012, ilikadiria kwamba watu baina ya 7,000 na 10,000 walikufa katika mkondo huo tangu mwaka 1995. Twaomba msomaji achukue hesabu ndogo kuliko zote, zile 7,000, azigawe kwa miaka 17. Atapata zaidi ya mtu mmoja kila siku, Jumatatu hadi Jumapili, Ramadhani na Idi. Na vifo havikukoma mwaka 2012. Mwanzoni mwa Novemba 2024 shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, IOM, lilitangaza kwamba watu wasiopungua 25 wamekufa baina ya Nzwani na Maore baada ya wasafirishaji kuizamisha mashua kwa makusudi. Walionusurika waliokolewa na wavuvi. Msafirishaji wa namna hiyo ni muuaji na hatumtetei. Lakini biashara yake nani aliianzisha? Kabla ya Januari 1995 nani alihitaji kumlipa mtu ili avushwe gizani kwenda kumwona dadake? Karatasi ya Bwana Balladur ndiyo iliyompa kazi.

Ni watu wa aina gani waliomo mashuani? Wengine, ni kweli, hutafuta kazi. Wengine hutafuta hospitali, kwani hospitali ya Mamoudzou huzalisha watoto wapatao 10,000 kwa mwaka, wingi ambao hakuna hospitali nyingine ya Ufaransa inayoufikia. Lakini muulizeni yeyote anayevijua visiwa hivyo, atawaambia kwamba wako pia wasiotaka chochote cha Ufaransa. Wanataka kumwona mama mgonjwa, kuhudhuria arusi ya ndugu, kuchukua mtoto aliyeachwa na aliyefukuzwa. Hawa ni watu wa matembezi, na wamelala chini ya bahari pamoja na wengine.

VIZA ILIYOWAFANYA WAGENI WASIRUDI

Sasa tufike kwenye hoja wanayoitegemea watetezi wa viza hii. Wao husema: Maore ni kisiwa kidogo, hospitali imejaa, shule zimejaa, maji hayatoshi, na bila viza kisiwa kitazama kwa uzito wa watu. Hatudharau maneno hayo. Maji kweli hayatoshi. Mwaka 2023 watu wa Maore walipita siku nzima nzima mifereji ikiwa mikavu. Umaskini pia upo: kwa hesabu za mwaka 2018, watu 77 katika kila 100 waliishi chini ya kipimo cha umaskini cha Ufaransa. Mtu mwenye foleni ya maji mlangoni kwake haoni vizuri akiambiwa akaribishe wageni.

Lakini tutazame viza imefanya nini. Sensa ya Wafaransa wenyewe ya mwaka 2017, yaani miaka 22 baada ya viza kuwekwa, ilihesabu watu 256,518 katika Maore, na 48 katika kila 100 walikuwa raia wa nchi nyingine, karibu wote Wakomoro. Kiasi cha thuluthi moja ya hao waitwao wageni walizaliwa Maore humohumo. Kama viza ilikuwa dawa, mbona ugonjwa ulizidi?

Jibu ni jepesi, na kila mtu wa pwani atalifahamu. Mtu anayejua kwamba mlango uko wazi huja na akarudi. Alikuja arusini, arusi imekwisha, shamba lake linamngoja, na akitaka kuja tena mwakani atakuja. Lakini aliyeuza ng'ombe wake kumlipa nahodha, akavuka usiku huku akisoma shahada, akaokoka, huyu hawezi kurudi kwao kula Idi. Akirudi, kuja tena ni kulipa upya na kuhatarisha roho upya. Basi hukaa. Na kwa kuwa hawezi kwenda kuwatazama mke na watoto, huwatumia fedha nao wavuke, nao wakifika hukaa. Viza ya matembezi imewageuza watu wa siku tatu kuwa wakaazi wa maisha. Wale wanaolia Maore kwamba wageni hawaondoki, wajue kwamba ni karatasi hii iliyowafungia ndani.

Wafaransa nao, badala ya kuifungua fundo, wameongeza kamba. Kila mwaka hufukuza watu zaidi ya 20,000 kutoka Maore, wingi wao kuelekea Nzwani, na wengi wa hao hurudi kwa mashua ya usiku kabla mwezi haujaandama wa pili. Watoto kwa maelfu wamebaki mitaani bila wazazi, kwa sababu baba alikamatwa akienda dukani. Mwezi Aprili 2023 wakaanzisha operesheni kubwa waliyoiita Wuambushu, ya kubomoa vibanda na kufukuza watu, wakaleta askari kwa mamia kutoka Ulaya. Kimbunga Chido kilipoipiga Maore tarehe 14 Desemba 2024, waandishi wa habari waliripoti kwamba wako watu wasio na karatasi walioogopa kwenda kwenye majengo ya kujihifadhi, wakidhani ni mtego wa kuwakamata, wakabaki ndani ya mabati yao upepo ukija. Hadi hapo ndipo hofu ya karatasi imewafikisha watu: kuogopa askari kuliko kimbunga.

Tusimsahau Kanali Mohamed Bacar. Mwaka 2008 Umoja wa Afrika ulipotuma majeshi kumwondoa Nzwani, alikokuwa ameng'ang'ania madaraka, na askari wa Tanzania wakiwa mstari wa mbele, yeye alitoroka kwa mashua na wenzake wenye silaha hadi Maore. Bila viza. Wafaransa wakampeleka Réunion, wakamnyima hifadhi, lakini Komoro hawakumrudisha. Mwishowe alikwenda Benin. Mama mwenye kilo mbili za mchicha kichwani akikamatwa pwani ya Maore hurudishwa Nzwani kwa meli kesho yake.

MAORE WENYEWE, NA MORONI

Kuna watakaotuambia: "Lakini watu wa Maore wenyewe wamechagua Ufaransa." Ni kweli. Walichagua mwaka 1974, wakachagua tena mwaka 1976, na mwezi Machi 2009 watu 95 katika kila 100 waliopiga kura walikubali kisiwa chao kiwe mkoa kamili wa Ufaransa, nao ukawa hivyo tarehe 31 Machi 2011. Chama chetu hakipendi jambo hilo, na msimamo wa Afrika tangu siku za OAU ni kwamba Maore ni ya Komoro. Lakini gazeti likiwadanganya wasomaji wake halina faida. Watu wa Maore waliogopa kutawaliwa na wakubwa wa Ngazija na Nzwani. Mji mkuu ulipohamishwa kutoka Dzaoudzi kwao kupelekwa Moroni waliumia, na wanawake wao wakawa mstari wa mbele kudai wabaki na Ufaransa. Hofu hiyo haitaondoka kwa kutukanwa. Tena Komoro huru, yenye mapinduzi yake na majaribio yake yasiyohesabika, haikufanya kazi kubwa kuwatuliza.

Lakini nani aliwauliza watu wa Maore mwaka 1974, au 2009, kama wanataka binamu zao wafe majini? Kura ilikuwa juu ya bendera. Hakuna karatasi ya kura iliyoandikwa viza.

Na Moroni nayo ina lake la kujibu. Serikali ya Komoro husimama kila mwaka mbele ya Umoja wa Mataifa ikasema Maore ni yetu, kisha mwezi Julai 2019 ikatia sahihi Paris mapatano ya kushirikiana kuzuia mashua, na ikaahidiwa Yuro milioni 150 kwa miaka mitatu. Mtu hawezi kusema nyumba ni yake huku akipokea posho ya kuilinda isiingiwe na wanawe. Tunakiri kwamba mwaka 2018 walijaribu kukataa kuwapokea waliofukuzwa, na Ufaransa ikajibu mwezi Mei kwa kusimamisha viza zote za Wakomoro. Na mwezi Aprili 2023 walifunga bandari ya Mutsamudu, meli ya Maria Galanta ikarudi Maore na watu wake. Nguvu wanayo pale wanapotaka. Mwaka huo huo wa 2023 Rais Azali alikuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Afrika nzima ilikuwa nyuma yake, na viza ya Balladur haikutikisika hata kidogo.

Wala nchi nyingine za Afrika hazina mikono safi. Mkataba wa Afrika wa watu kutembea kwa uhuru ulipitishwa mwezi Januari 2018, na nchi zaidi ya 30 zimeutia sahihi. Wahitaji nchi 15 kuuidhinisha, na hadi mwaka 2024 nchi nne tu zilikuwa zimefanya hivyo. Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, maazimio juu ya Maore yalikuwa yakipitishwa takriban kila mwaka, la mwisho mwaka 1994. Mwaka uliofuata viza ikaja na maazimio yakanyamaza.

LINALOWEZEKANA KESHO

Swali la bendera ya Maore huenda likachukua miaka. Hatutaki watu waendelee kuzama huku mabwana wakingojea kulimaliza. Swali la matembezi laweza kumalizwa peke yake, na upesi, na Wafaransa wanajua namna ya kulimaliza kwa sababu wamekwisha kulifanya kwingine. Huko Guyane, koloni lao la zamani la Amerika ya Kusini ambalo nalo leo ni mkoa wa Ufaransa, mto Oyapock ndio mpaka wao na Brazil. Watu wa mji wa Oiapoque ng'ambo ya Brazil hupewa kadi ya mpakani, na kwa kadi hiyo huvuka kwenda Saint-Georges upande wa Ufaransa, wakakaa hadi saa 72, bila viza. Mto ule haukuifanya Ufaransa kuzama. Sisi wenyewe katika Afrika Mashariki tumeona tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wakivuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa tu, na soko la Busia halikuvunjika.

Kwa nini basi isiwepo kadi ya watu wa visiwa? Mkaazi wa Nzwani, Mwali na Ngazija aandikishwe kwao, apigwe picha na alama za vidole, apewe kadi inayomruhusu kukaa Maore siku 30 kwa mazishi, arusi, matibabu, biashara ndogo na likizo za watoto. Na mkaazi wa Maore awe na haki hiyohiyo upande wa pili. Isidai akaunti ya benki wala barua ya mwajiri. Atakayevunja siku zake azuiwe mwaka mmoja. Chombo si cha kutafuta, kwani meli ya abiria ipo na inaijua njia. Ndiyo hiyohiyo inayowapeleka Nzwani wanaofukuzwa. Ikiwa inaweza kuwarudisha watu kwa nguvu mchana kweupe, inaweza kuwachukua kwa tikiti mchana kweupe, na biashara ya nahodha wa usiku ikafa siku hiyo.

Tanzania ilipeleka vijana wake na bunduki Nzwani mwaka 2008 kwa ajili ya umoja wa Komoro. Haitakuwa vigumu kupeleka na neno. Tunawaomba wanachama, hasa wale wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam wenye jamaa visiwani, kila mmoja amwulize mbunge wake swali moja kwenye mkutano wa hadhara: mara ya mwisho Serikali yetu ilipoizungumza viza ya Balladur mbele ya balozi wa Ufaransa ilikuwa lini? Ajibu kwa tarehe.